Linux inapolala na kuamka ikiwa imesahau kila kitu

TARAKILISHI ya mezani inayotumia mfumo wa Linux inapolazwa, mwenyewe hutarajia kuikuta na madirisha yote yakiwa pale alipoyaacha. Lakini kuna wanaobonyeza kitufe, feni zikaanza kuzunguka, na badala ya kazi yao wakaona nembo ya mtengenezaji kisha mashine ikijiwasha upya.

Hasara hapo si dakika mbili za kusubiri. Barua ambayo haikuwa imehifadhiwa, hesabu za duka au mtihani ambao mwalimu alikuwa akiuandaa hupotea papo hapo. Faili zilizokwisha kuhifadhiwa kwa kawaida husalimika, kwa kuwa kiini cha Linux huandika diskini data iliyokuwa ikisubiri kabla ya mashine kulala.

Usingizi wa aina hii huitwa S3, kwa mujibu wa kanuni za ACPI zilizochapishwa mwaka 1996 na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba. Prosesa, diski na feni huzimwa. Kinachoendelea kupata umeme kidogo ni RAM, ili isisahau iliyoyabeba, pamoja na vifaa vichache vya kuamshia kama vile kibodi.

Mtu anapobonyeza kibodi hiyo, si Linux inayoamka kwanza. Hutangulia programu iliyomo kwenye ubao mkuu, ambayo wengi huijua kwa jina BIOS. Hiyo ndiyo hutambua iwapo mashine ilikuwa imelala au imezimwa, na ndiyo inayokabidhi kazi kwa kiini cha Linux. Ikikuta RAM imepoteza umeme, au ikishindwa kuirejesha katika hali yake, huanza upya kana kwamba mashine ilikuwa imezimwa tangu jana.

Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: safari ilikatika kabla ya makabidhiano au baada yake? Kabla yake washukiwa ni umeme, RAM na BIOS. Baada yake washukiwa ni programu endeshi za vifaa, hasa ile ya kadi ya picha. Anayeanza kwa kubadilisha mipangilio ovyo bila kulijibu swali hilo huenda akamaliza wiki nzima.

Hata hivyo, kuna mshukiwa mwingine ambaye hapa Kenya hufaa kuhojiwa mapema, naye ni kupotea kwa stima. Umeme ukikatika hata kwa sekunde chache usiku, RAM husahau kila kitu. Na iwapo BIOS imepangwa kuiwasha mashine umeme unaporudi, mwenyewe ataikuta asubuhi ikimsubiri aingize nywila na kudhani imeshindwa kuamka.

Kumtambua mshukiwa huyu ni rahisi. Amri ya journalctl --list-boots huonyesha saa ambayo mfumo uliwaka kila mara. Ikiwa uliwaka saa tisa usiku wakati watu wote wamelala, Linux haina hatia. Kinachohitajika ni kifaa cha kuhifadhi umeme, yaani UPS.

Stima ikiondolewa lawama, wengi hukimbilia daftari la matukio kwa amri ya journalctl -b -1, inayoonyesha yaliyoandikwa kabla ya mfumo kuwaka upya. Mara nyingi mstari wa mwisho huwa PM: suspend entry (deep), kisha kimya. Wasiojua huamua kwamba mashine ilikufa wakati wa kulala.

Uamuzi huo ni wa haraka mno. Baada ya mstari huo, programu zote hugandishwa, ikiwemo ile inayoandika daftari, na yanayotokea baadaye hubaki ndani ya RAM tu. Mashine ikijiwasha upya, ushahidi hufutika pamoja na RAM. Daftari huwa bubu mahali hasa linapohitajika kusema.

Njia ya kwanza ya kuushinda ukimya huo ni kulala nusunusu. Faili ya /sys/power/pm_test, katika matoleo ya Linux yanayoiruhusu, hupokea maneno freezer, devices, platform, processors na core, kila moja likiwa hatua ya ndani zaidi ya usingizi. Mwenye mamlaka ya msimamizi huandika neno moja, hulaza mashine, nayo husimama katika hatua hiyo kwa sekunde tano kisha hurudi yenyewe. Ikijiwasha upya kwenye hatua ya devices, kosa liko kwa programu endeshi ya kifaa fulani.

Ikifaulu mpaka hatua ya core lakini ikashindwa katika usingizi halisi, shuku huhamia kwa BIOS na umeme. Kadi ya picha haiondolewi kabisa, maana katika majaribio hayo vifaa havikatiwi umeme kama inavyotokea katika usingizi wa kweli. Majaribio yakiisha, neno none hurejesha hali ya kawaida.

Njia ya pili ni ya ujanja zaidi, nayo iliandikwa na Linus Torvalds mwenyewe mwaka 2006. Ukiandika 1 katika faili ya /sys/power/pm_trace, Linux itaweka alama ya kila hatua ya kuamka ndani ya saa ya ubao mkuu, ile inayotunzwa na betri ndogo ya duara. RAM husahau lakini saa haisahau. Mashine ikishawaka, amri ya dmesg hutafuta alama hiyo na kutaja faili, na wakati mwingine kifaa, ambapo safari iliishia. Mfumo unapaswa kuwaka ndani ya dakika tatu hivi, na tarehe itakuwa imevurugika kabisa, hivyo ni lazima irekebishwe.

Jambo jingine la kutazamwa ni faili ya /proc/sys/kernel/panic. Ikiwa imeandikwa 0, kiini kinachopatwa na hitilafu kubwa hukwama pale pale, hakijiwashi upya. Hapo kuwaka upya huelekeza kidole kwa BIOS au umeme, ingawa si ushahidi kamili.

Tiba hufuata mshukiwa. Kadi za NVIDIA zinazotumia programu endeshi ya kampuni hiyo huhitaji huduma za nvidia-suspend na nvidia-resume ziwe zimewezeshwa. Kwa RAM iliyoongezwa kasi kupitia mpangilio wa XMP, inafaa kuirudisha katika kasi yake ya kawaida kwanza, kwani zipo zinazofanya kazi vyema mchana kutwa lakini zikashindwa wakati wa kuamshwa. BIOS mpya kutoka kwa mtengenezaji wa ubao pia imewaokoa wengi.

Katika tarakilishi kuukuu, kisanduku cha kugawa umeme kisisahauliwe. Waya wake wa zambarau hubeba volti 5 wakati mashine imelala, na kiwango hicho hakipaswi kushuka chini ya 4.75. Fundi mwenye mita huweza kukipima bila kufungua kisanduku chenyewe, jambo ambalo ni hatari na halifai kujaribiwa nyumbani.

Wanaolaza mashine kwa kuhamishia RAM yote diskini wana tatizo tofauti. Kwao, kuanza upya mara nyingi humaanisha kwamba kiini hakikuelezwa data hiyo iko wapi, yaani neno resume= halimo katika mipangilio ya kuwashia.

Na pale ambapo BIOS ndiyo mbovu na mtengenezaji ameacha kuirekebisha, lipo pito la kando. Kuandika s2idle katika /sys/power/mem_sleep huifanya Linux ilale bila kumkabidhi BIOS usukani, na kuongeza mem_sleep_default=s2idle katika mipangilio ya kuwashia huifanya hali hiyo kuwa ya kudumu. Mashine itakula umeme zaidi usiku, na feni huenda zisinyamaze.