Wazee wa Matondoni na Majina ya Chombo

Mgeni afikaye Lamu aghalabu huishia mjini. Huzitazama nyumba za mawe na milango ya nakshi, akatembea ufukweni hadi Shela, kisha akarejea kwao akiamini kwamba amekwisha kuiona Amu. Ni wachache wanaopanda punda au mashua wakazunguka upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa, huko kwenye mikoko na maji matulivu, kilipo kijiji cha Matondoni. Hakuna kasri huko wala ngome. Kuna pwani yenye vyombo vilivyolazwa ubavu, harufu ya mbao mbichi na ya sifa, na baraza za makuti ambamo kina mama husuka ukili huku mazungumzo yao yakienda na vidole vyao. Lakini ndugu msomaji, ikiwa wataka kujua lugha yetu ya Kiswahili imehifadhiwa wapi, basi miongoni mwa hifadhi zake ni hicho kijiji kidogo, na makabati yake ni vifua vya wazee.

Fundi wa Matondoni hakuunda jahazi kwa ramani ya karatasi. Aliutazama mti ungali umesimama akajua ndani yake mna taruma au mna omo. Aliulaza mkuku mchangani, akasimamisha omo mbele na tezi nyuma, akazipanga mbao, akayatia mataruma, na vipimo vyote vikitoka kwenye jicho, shubiri na dhiraa. Silaha zake zilikuwa tezo, msumeno, nyundo na keekee. Chombo kilipokamilika ubavu kilitiwa kalafati kwa pamba, kikapakwa sifa kwa juu na deheni kwa chini, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, ili maji na fukusi visipate njia. Hapo tena husimamishwa mlingoti, ikaja foromali na tanga, ikaja henza na demani, na kana ikatiwa kwenye usukani. Kila kiungo kina jina lake, na kila jina lina kazi yake. Nahodha akiita kwa usiku wa upepo, hana wasaa wa kueleza kwamba ataka ile kamba iliyopo pale karibu na kile kijiti. Hutaja jina, na baharia huujua mahali mkono wake uende. Katika bahari jina si pambo la lugha. Kulikosa kwaweza kuwa ni kuzama.

Katika kijiji hiki ndiko alikozaliwa Ahmed Sheikh Nabhany mwaka 1927. Wengi wetu twamjua kwa utenzi na ushairi, na kwa maneno aliyoibunia lugha, ambapo runinga ndilo lililoenea zaidi kuliko mengine. Tulipompoteza mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuwa mwalimu wa walimu, na wataalamu wa nchi za mbali walikuwa wakimfuata Mombasa kumuuliza maana ya neno la kale. Hata hivyo mara chache tunajiuliza yeye mwenyewe alimuuliza nani. Nabhany alilelewa na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, ambaye naye alikuwa mtungaji. Kwake ndiko alikosikia tungo kabla hajajua kuziandika, na kwake ndiko sikio lake lilikozoea mizani. Mjukuu tumemwandika katika vitabu. Bibi hatumtaji ila kwa mstari mmoja, tena tunapomwelezea mjukuu. Ndivyo historia yetu inavyowafanyia bibi zetu: huwanywa maji yao kisha ikausahau mtungi.

Nabhany hakusahau alikotoka. Katika utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979, alikieleza chombo cha Lamu tangu kuundwa kwake hata safari yake baharini. Kiwandeo ni jina la kale la Amu katika lugha ya washairi, na sambo ni chombo. Asiyeijua kazi hiyo aweza kudhani kwamba mshairi alitaka tu kukisifu chombo cha kwao. La. Alichofanya ni kuyapakia majina yote ya mafundi na mabaharia katika beti ili yasafiri, kwani aliona kuwa wenye kuyajua wanapungua. Vivyo hivyo alivyofanya katika Umbuji wa Mnazi mwaka 1985, alipoufuata mti mmoja na matumizi yake yote. Utenzi kwake ulikuwa ni ngama, mahali pa kuweka shehena isilowe. Hivyo tunaposoma Sambo ya Kiwandeo hatusomi sauti ya mtu mmoja. Tunasikia pwani nzima ya mafundi ambao majina yao wenyewe hayakuandikwa, ingawa majina ya viungo walivyovichonga yameandikwa.

Je, hofu hiyo ilikuwa na msingi? Na tukitazame kisa cha mtepe. Kwa karne nyingi mtepe ulikuwa chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa hivi, chombo kisicho na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba, na omo lake lilichongwa mithili ya shingo ya ngamia. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imekwisha baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipoundwa mtepe wa kumbukumbu ndani ya Beit al-Ajaib huko Unguja, ilibidi kutegemea mifano midogo na maandishi, kwani mikono iliyoizoea kazi hiyo ilikuwa imeshazikwa zamani. Na jumba hilo lenyewe sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Basi jumba la makumbusho ni jema, lakini halimrudishi fundi, wala kuta za mawe hazina ahadi ya kudumu kuliko mtu.

Lakini pia tuna mfano wa kututia moyo. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi wake mashuhuri mwaka 1858, hakudhani kwamba ungesomwa na dunia. Binti huyo, Mwana Hashima, aliishi hata akawa bibi kizee wa Lamu, na mwanzoni mwa karne ya ishirini alikuwa angali hai. Alice Werner, Mwingereza aliyeipenda lugha yetu, alimwendea, akasikiliza, na utendi ukachapishwa pamoja na maelezo mwaka 1934. Kando yake alikuwako Muhamadi Kijuma, mshairi, mchonga nakshi na mwandishi wa hati nzuri, aliyefariki mwaka 1945 baada ya umri mrefu wa kunakili tenzi zilizokuwa zikiliwa na mchwa. Naye Prins, Mholanzi, aliandika juu ya mabaharia wa Lamu katika kitabu chake cha mwaka 1965. Twawashukuru wageni hao. Lakini shukrani isitufumbe macho: mara nyingi aliyekwenda kuuliza alikuwa mgeni, na jibu lilichapwa London, Leiden au Assen. Sisi tuliokuwa tukiishi mlango wa pili tulikuwa wapi?

Tulikuwa tunadhani kesho ipo. Wakati huohuo mambo yalibadilika. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje, na safari za Arabuni zilizolisha majahazi zikapoteza shehena yake kubwa. Zikaja mashine, zikaja mashua za plastiki. Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa, na meli zikatia nanga karibu na maji ambamo babu zetu walisafiri kwa kaskazi na kusi. Silalamiki juu ya bandari, wala simkatazi kijana kutafuta riziki penye mshahara. Nasema tu kwamba kijana huyo hatayarithi maneno asiyoyatumia, isipokuwa mtu amwekee mahali atakapoyakuta.

Mimi mwenyewe nina deni. Alikuwako fundi mmoja mzee niliyemzoea, aliyekuwa akijua wimbo ulioimbwa na watu wakikishua chombo, wakivuta kwa pamoja kutoka mchangani hadi majini. Mwanzo wake wengi waliujua, na kiitikio kila mtoto alikijua. Beti za katikati zilikuwa zake. Siku moja nilimwendea na daftari, nikamkuta amechoka. Akaniambia, “Ndoo kesho, mwanangu, tutanena.” Kesho yake nilikuwa na shughuli, na keshokutwa pia. Msimu ukageuka. Nilipokwenda tena nilikwenda kumzika. Matangani niliwauliza wenzake, wakauimba mwanzo, wakafika mahali wakanyamaza, kila mmoja akimtazama mwenziwe. Daftari ninalo mpaka leo, na ukurasa ule haujaandikwa kitu.

Basi nawaomba wasomaji, hasa nyinyi wapenzi wa ushairi, kabla hamjatuletea shairi la kumlilia mzee, mwendeeni angali hai. Mkae naye barazani, msimharakishe. Muulizeni bibi jina la kila namna ya ukili anaousuka, na babu jina la kila kamba. Andikeni na jina lake yeye mwenyewe, alizaliwa wapi na alifunzwa na nani, ili asije akawa mtungi uliosahauliwa. Anayeishi karibu ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi. Nami naufunga usemi wangu kwa ubeti huu, uwe ni malipo madogo ya deni kubwa:

Wazee wa Matondoni, vyombo walivyoviunda,
Majina yavyo thamani, ni lulu ya kuilinda,
Wakizikwa mchangani, nayo yasije kwenenda,
Tuwaulize wendani, walio hai kwa kwanda.