Anwani ya intaneti isiyo na mwenyewe si ya bure

KILA kompyuta au simu inayounganishwa na intaneti hupewa anwani ya namba, kama nyumba inavyopewa namba ya kiwanja. Lakini zipo anwani ambazo hazigawiwi mtu wala kampuni yoyote. Zimeorodheshwa katika daftari maalumu, na mawasiliano ya dunia nzima hutegemea daftari hilo liheshimiwe, ingawa hakuna polisi wa kulilinda.

Daftari hilo hutunzwa na IANA, chombo kinachoratibu namba za intaneti. Kwa miaka mingi kazi hiyo iliongozwa na mwanasayansi wa Marekani, Jon Postel, aliyefariki dunia mwaka 1998. Mwaka huo huo iliundwa taasisi ya ICANN, yenye makao yake California, ambayo imebeba jukumu hilo hadi leo. Serikali ya Marekani, iliyokuwa ikiisimamia kazi hiyo kwa mkataba, ilijitoa Oktoba 1, 2016.

Hata hivyo, IANA ni karani tu. Haiandiki kwa matakwa yake. Uamuzi wa kutenga anwani kwa kazi maalumu hupitia IETF, jumuiya ya wahandisi wanaotunga kanuni za intaneti, ambako rasimu hujadiliwa hadharani kabla ya kutolewa kuwa waraka wenye namba. Kila mstari wa daftari hutaja kundi la anwani, jina lake, waraka ulioliidhinisha na tarehe ya kutengwa. Aidha, hueleza iwapo anwani hizo zaweza kutuma au kupokea ujumbe, na iwapo zaweza kufikiwa kutoka popote duniani.

Mfumo wa zamani wa anwani, ambao bado unatumika sana, una jumla ya namba 4,294,967,296. Kati ya zilizotengwa, zinazojulikana zaidi ni za makundi matatu: linaloanza na 10, lenye anwani 16,777,216, la kuanzia 172.16 hadi 172.31, lenye anwani 1,048,576. Na la 192.168, lenye anwani 65,536. Waraka namba 1918 wa Februari 1996 uliruhusu makundi hayo yatumike ndani ya nyumba, ofisi au shule yoyote bila kuomba kibali.

Ndiyo maana ruta ya ofisi ya Kariakoo na ya duka la Mombasa zaweza zote kuitwa 192.168.1.1 bila kugongana. Anwani hizo haziruhusiwi kuzagaa katika intaneti ya wote. Ujumbe unapotoka nje, ruta huuvisha anwani nyingine inayotambulika duniani, na jibu linaporudi hulifikisha kwa mhusika wa ndani.

Makundi mengine yana kazi zake. Linaloanza na 127 hutumiwa na kompyuta kujisemesha yenyewe. La 169.254 ni la kifaa kinachojipangia anwani baada ya kukosa wa kukipangia. Yale ya 192.0.2, 198.51.100 na 203.0.113 ni ya mifano ya vitabuni, ili mwanafunzi anayenakili mfano kama ulivyo asimsumbue mtu asiyehusika.

Mwaka 2012 liliongezwa kundi linaloanzia 100.64, lenye anwani 4,194,304, kwa ajili ya kampuni za mawasiliano zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hatua hiyo ilitokana na uhaba. Februari 3, 2011, IANA iligawa makundi yake matano makubwa ya mwisho, moja kwa kila msajili wa kanda, ikiwamo AFRINIC yenye makao Mauritius, ambayo huhudumia Afrika, zikiwamo Tanzania na Kenya.

Matatizo huanza pale mafundi wanapochanganya anwani iliyotengwa na ile ambayo haijagawiwa bado. Ya kwanza ni ya wote kwa masharti; ya pili inasubiri mwenyewe.

Mfano ulio wazi ni kundi linaloanza na 1. Kwa miaka mingi halikugawiwa, na wengi walijichukulia anwani kama 1.1.1.1 kwa matumizi ya ndani kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Januari 2010 kundi hilo lilikabidhiwa APNIC, msajili wa kanda ya Asia na Pasifiki. Wataalamu wa RIPE NCC, msajili wa Ulaya, walipojaribu kuitangaza 1.1.1.1 duniani, njia yao yenye uwezo wa megabiti 10 kwa sekunde ilifurika ujumbe uliopotea. Aprili 2018, kampuni ya Cloudflare ilipoanza kuitumia anwani hiyo kwa huduma ya umma, baadhi ya watu hawakuweza kuifikia kwa kuwa vifaa vyao vilikuwa vimeshaitwaa.

Kosa la upande wa pili huwaumiza wasio na hatia. Wasimamizi wa mitandao huzuia ujumbe unaodai kutoka katika anwani zisizogawiwa, na hilo ni jambo la busara iwapo orodha yao inakwenda na wakati. Kundi la 69 lilipokabidhiwa msajili wa Amerika Kaskazini mwaka 2002, wateja waliopewa anwani hizo walijikuta wamefungiwa na tovuti nyingi, kwa sababu orodha za zamani hazikuwa zimerekebishwa.

Daftari bado linakua. Mwaka 2024, katika mfumo mpya wa anwani uitwao IPv6, kulitengwa kundi la pili la mifano ya vitabuni, kwa kuwa la awali lilikuwa dogo mno kueleza mitandao mikubwa ya sasa.

Kwa anayefunga mtandao wa ofisi au shule, kanuni ni nyepesi: achague anwani katika makundi matatu ya waraka namba 1918, na asiokote nyingine kwa kuwa tu inaonekana haina mwenyewe. Daftari lipo wazi katika tovuti ya IANA, na kulisoma hakuna malipo.