Njia Uliyopitia Udhanifu wa Plato: Kutoka Athens hadi Baghdad

Mara nyingi historia ya falsafa husimuliwa kana kwamba mawazo ya Wayunani yalitoka Athens yakaingia moja kwa moja katika Ulaya ya leo. Insha hii inapinga picha hiyo. Hoja yake ni kwamba udhanifu wa Plato umedumu kwa sababu ulipokelewa na watu wa nchi na dini mbalimbali, na kila mpokeaji aliubadili ili umsaidie kujibu tatizo lake mwenyewe.

Plato alianzisha shule yake, Akademia, mjini Athens karibu mwaka 387 KK. Alifundisha kwamba vitu tunavyoviona ni vivuli vya mambo halisi yasiyobadilika. Matendo ya haki tunayoyashuhudia ni mengi na yote yana kasoro, lakini Haki yenyewe ni moja, nayo hufikiwa kwa akili, si kwa macho. Kutokana na fundisho hilo alifikia hitimisho la kisiasa: anayeijua Haki ndiye anayestahili kutawala.

Hatua kubwa iliyofuata ilianzia Misri. Plotinus (takriban 204–270 BK) alisoma falsafa mjini Alexandria kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuhamia Roma. Yeye aliweka juu ya yote asili moja aliyoiita Mmoja, ambayo kila kitu hububujika kutoka kwake kama mwanga utokavyo kwenye jua. Kwa njia hiyo, falsafa ya Plato ikawa pia safari ya roho kurudi kwenye chanzo chake.

Kutoka hapo njia iligawanyika. Tawi moja lilimfikia Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika Algeria ya leo. Alipokuwa Milan alisoma vitabu vya wafuasi wa Plato vilivyotafsiriwa kwa Kilatini, navyo vikamsaidia kuamini kwamba kitu kinaweza kuwa halisi bila kuwa na mwili. Yale maumbo ya milele ya Plato aliyaweka ndani ya akili ya Mungu. Hata hivyo, baada ya Roma kutekwa mwaka 410, aliandika kwamba haki kamili haipatikani katika dola lolote la duniani.

Tawi la pili lilifika Baghdad. Katika karne ya 9, sehemu za maandishi ya Plotinus zilitafsiriwa kwa Kiarabu na kusambazwa kwa kichwa kilichozihusisha na Aristotle. Licha ya kosa hilo, fundisho la Mmoja liliwavutia wasomi waliokuwa wakitafakari upweke wa Mungu. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu kuhusu mji mwema, na ndani yake mfalme-mwanafalsafa wa Plato alikutana na nabii: kiongozi bora hupokea ukweli kwa akili, kisha huufikisha kwa watu kwa mifano wanayoielewa.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kila mmoja aliyabadili, je, bado ni mawazo ya Plato? Jibu ni ndiyo, kwa kuwa kiini kilibaki: kuna ukweli ulio juu ya haya tunayoyaona, na ukweli huo ndio kipimo cha utawala. Lakini majibu yalipingana. Al-Farabi aliamini kwamba mji mwema unaweza kujengwa chini ya kiongozi anayefaa; Augustino aliwaonya watu wasitarajie hivyo. Urithi wa Plato, basi, ni swali zaidi kuliko jibu, na ndani ya swali hilo kuna hatari ambayo haijaisha: nani atathibitisha kwamba mtawala anayedai kuujua ukweli anaujua kweli?

Kwa kuhitimisha, tafsiri kamili ya Plato kwa Kilatini, iliyofanywa na Marsilio Ficino wa Florence, ilichapwa mwaka 1484. Kufikia wakati huo mawazo hayo yalikuwa yamekwisha kujadiliwa Alexandria, Hippo na Baghdad kwa karne nyingi. Neno letu lenyewe ni ushahidi: "falsafa" lilitoka Kiyunani likaingia Kiarabu, na kutoka Kiarabu likaja katika Kiswahili. Mwanafunzi anayelitumia hana sababu ya kusoma somo hili kama mgeni.