Kutoka Kaze hadi Ulyankulu: historia ya kupima nyuso

Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Mjerumani. Yaliyotoka Rwanda ni 904, ya kwetu Tanzania 202. Mjadala wa kuyarudisha haujapoa tangu hapo, lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza yalipelekwa kupimwa nini.

Kipimo mashuhuri cha mafuvu kilibuniwa na Petrus Camper, tabibu wa Uholanzi aliyefariki 1789. Alichora mstari kutoka tundu la sikio hadi chini ya pua, mwingine kutoka paji la uso hadi kwenye meno, kisha akasoma pembe. Sanamu za Kigiriki alizipa nyuzi 100, Mzungu 80, Mwafrika 70. Kumbe pembe hiyo huonyesha tu taya limechomoza kiasi gani. Haisemi lolote kuhusu akili, na mtoto huwa na pembe kubwa kuliko mzazi wake. Blumenbach, tabibu Mjerumani, alionyesha mapema kwamba mafuvu ya maumbo tofauti kabisa yanaweza kuwa na pembe moja. Wapimaji hawakumsikiliza.

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Kaze, Tabora ya leo, mwaka 1857 pamoja na mpelelezi mwenzake Burton, akarudi 1861. Kutoka hapo alipanda kaskazini hadi Karagwe kwa Mtawala Rumanika. Hakupima pembe, alitumia macho. Alipoona nyuso ndefu, macho makubwa na pua zilizosimama za Rumanika na nduguye Nnanaji, papo hapo akaamua hiyo ni damu ya Uhabeshi. Siku nyingine akatoa utepe. Shemeji wa Rumanika alikuwa mnene hata kusimama hawezi. Alikubali kupimwa baada ya mgeni kuahidi kumwonyesha naye miguu na mikono yake. Mzunguko wa mkono ukapatikana inchi 23, kifua 52, paja 31. Pembeni binti wa miaka 16 alikuwa akinywa maziwa chunguni, baba akimsimamia na fimbo. Mama huyo, mwenyeji wa nyumba, aliingia katika kitabu cha Speke kama kielelezo tu, na hilo linaudhi hadi leo.

Kitabu hicho cha 1863 kilieneza dai kwamba watawala wa Maziwa Makuu ni wageni, tofauti na wakulima wanaowatawala. Wajerumani na Wabelgiji wakalishika. Rwanda, kabila likaandikwa kwenye vitambulisho. Burundi, machifu wa Kihutu, yaani wa hao wakulima, wakaondolewa. Mauaji ya 1972 nchini humo yakawaleta Warundi Ulyankulu, huko huko Tabora. Mwaka 2014 wakimbizi zaidi ya 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipewa uraia wa Tanzania.

Serikali iyadai mafuvu yote 202, pamoja na daftari za vipimo vyake, na vitabu vya historia vya sekondari viseme wazi kwamba sayansi hiyo ilikuwa ya uongo.