Kanga Ilitangaza Kabla ya Simu



Suali ninaloulizwa sana na wenzangu wenye biashara ndogo ndogo, wa mabuibui, wa hina, wa udi, wa keki za harusi, ni hili: "Leo nitie nini kwenye ukurasa?" Wengi wanadhani ni suali la zama za simu, na jawabu lake wanalitafuta kwa watu wa mbali. Mimi nashona nguo za maharusi, na kila nikisoma habari za nguo za pwani yetu naona suali hili lina umri mkubwa. Limeshajibiwa na waliotutangulia, na katika majibu yao mna jambo kubwa kuhusu heshima ya biharusi ambalo sisi tunalisahau.

Shungi nyeusi za Madina

Tuanze mbali kidogo. Abu al-Faraj al-Isfahani, mwandishi wa karne ya 10, anasimulia katika Kitab al-Aghani habari ya mfanyabiashara wa Kufa aliyepeleka shungi Madina. Za rangi nyengine zote zilinunuliwa. Nyeusi zikambakia. Akamlalamikia mshairi mmoja, Al-Darimi, ambaye wakati huo alikuwa ameacha mashairi na kushughulika na ibada. Mshairi akatunga beti chache kuhusu mwanamke mzuri wa ushungi mweusi aliyemshughulisha mcha Mungu na ibada yake, akampa mwimbaji aziimbe. Mji mzima ukazungumza kwamba Al-Darimi amerudi kwenye mambo yake ya zamani. Shungi nyeusi zikamalizika zote, na yeye akarudi msikitini.

Wengi wanaisimulia hadithi hii kuonesha nguvu ya tangazo. Ni kweli, beti chache zilifanya kazi ambayo shungi zenyewe hazikuweza kuifanya. Lakini tutazame na gharama yake. Mzigo uliuzwa kwa kumtia mja mwema midomoni mwa watu, na kwa kumfanya mwanamke kuwa kivutio. Hapo ndipo ulipo mtihani wetu hadi leo: biashara lazima ijulikane, lakini ijulikane kwa heshima ya nani?

Kutoka merikani hadi kanga

Sasa turudi kwetu. Katika karne ya 19 wanawake wengi wa kawaida wa Unguja na Mrima walivaa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Jina lake linaeleza kilikotoka: kililetwa na merikebu za Kimarekani, khasa za bandari ya Salem, na mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Kikichovywa kwenye nili kikawa kaniki. Merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa na maskini. Mvaaji hakuwa na la kusema juu ya nguo yake. Nguo ndiyo iliyomsema yeye.

Kisha zikaingia leso, vitambaa vidogo vya mraba vyenye maua na michoro. Jina lenyewe ni la Kireno. Leso zilifika zikiwa zimeshikana kwenye jora. Inasimuliwa kwamba wanawake walinunua sita kwa pamoja, wakazikata tatu tatu, wakaziunganisha kwa sindano na kupata nguo moja pana ya kujifunga. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyopigwa chapa moja kwa moja, yenye pindo pande zote na mji katikati. Kwa kuwa za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe kama ya ndege kanga, zikaitwa kanga. Mombasa jina la leso limebaki hadi leo.

Tukumbuke hapo nani alianza. Mteja ndiye aliyebuni, kwa mkasi na sindano yake, na mfanyabiashara akamfuata. Hilo ni somo la kwanza la anayepanga maudhui: tazama wateja wako wanafanya nini na bidhaa yako kabla hujawaambia wewe waifanyie nini.

Mwaka 1897 serikali ya Zanzibar iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Wanawake waliokuwa wakivishwa sasa walichagua wenyewe. Kwa aliyekuwa amevaa kaniki maisha yake yote, doti mpya ya kanga haikuwa pambo tu. Ilikuwa njia ya kusema, bila kufungua mdomo, kwamba mimi leo ni mtu huru na mimi ni wa mji huu. Mtindo ukawa unabadilika upesi, na kanga ya msimu uliopita ikapoteza hamu.

Tangazo lililopangwa miezi mingi mbele

Kanga hizo hazikuchapwa hapa. Zilichapwa Uingereza, zikachapwa Helmond huko Uholanzi, baadaye India na Japani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Kabla ya hapo mfanyabiashara wa Mombasa au Unguja alipeleka mchoro na maneno kwa merikebu, akangoja vitambaa virudi kwa bahari.

Hebu fikiria, dada, maana yake. Kanga ya Idi haikuweza kufikiriwa wiki ya Idi. Aliyetaka mzigo mpya uwe dukani watu wanapotafuta nguo za sikukuu, au msimu wa harusi, ilimbidi ahesabu miezi nyuma: lini mzigo ushuke bandarini, lini uchapwe, lini mchoro uondoke. Akikosea hesabu, kanga za Idi zinafika baada ya Idi na fedha yake inalala kwenye rafu. Sisi tuna simu inayofikisha picha kwa sekunde, na kwa sababu hiyo tumeacha kuhesabu. Tunakumbuka kutangaza nguo za Idi tarehe 25 Ramadhani, wakati mafundi wote wamefunga oda.

Jina la kanga

Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi. Maneno yaliingia baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kizungu. Anayetajwa sana katika habari hii ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Duka lake lilianza mwaka 1887, na hadi leo kanga zake zinajulikana kwa alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla".

Katika kanga moja hapo mna mambo matatu ambayo leo watu wanalipa kufundishwa. Kwanza, alama ya mwenye mali, ndogo, ileile kila mara, ili mteja aijue hata ikiwa nguo imefuliwa mara hamsini. Pili, jina, yaani ule msemo wa chini: mstari mmoja mfupi wenye jambo moja, iwe dua, nasaha, mapenzi au fumbo. Tatu, nafasi ya mvaaji. Mwenye duka aliandika msemo, lakini maana yake ilitimia pale mwanamke alipouchagua yeye, siku aliyoitaka yeye, kwa mtu aliyemkusudia yeye. Mama alimpa bintiye, mke alivaa kwa mumewe, shoga alimletea shoga yake. Kila mmoja alilieneza tangazo la duka bila kujiona kuwa anatangaza.

Lakini tuseme na upande wa pili. Maneno ya kanga yaligombanisha majirani na wake wenza. Kanga iliyoanikwa kwenye kamba ilikuwa inatosha kuanzisha ugomvi wa mtaa mzima. Siku hizi naona vijembe hivyohivyo vimehamia kwenye kurasa za biashara: fundi anampiga fundi mwenzake, muuza hina anamsema biharusi aliyechelewa kulipa. Sura ya Al-Hujurat imetukataza kudharauliana, kuitana majina mabaya na kusengenyana, wala haikuweka ruhusa kwa anayetafuta wateja. Tena kanga ilichakaa ikawa tambara la jikoni. Ulichoandika mtandaoni kinapigwa picha na kubaki.

Kisutu kilichonyamaza

Sasa nije kwenye lile nililolitaja mwanzo. Katika kanga zote za pwani, ya biharusi khasa ni kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Na kisutu cha asili, mara nyingi, hakina jina. Kanga nyengine zinasema, hiki kimenyamaza. Wenye kukichapa walijua kuandika na walijua maneno yanauza. Sijui wenyewe waliliwaza vipi, lakini mimi nalichukua kuwa ni adabu: siku ya harusi, biharusi si mahali pa kupitishia maneno ya mtu mwengine.

Na kisutu kimeuzwa zaidi ya miaka mia bila ya kuoneshwa uso wa biharusi hata mmoja. Rangi zake zilitosha kumtambulisha. Nguo ilijulikana, duka likajulikana, na biharusi akabaki ndani na watu wake.

Nawafikiria mabiharusi wa leo. Anapambwa chumbani baina ya wanawake watupu, nywele wazi, mikono wazi, kwa sababu yumo katika stara. Kabla hajatoka, picha yake imeshapanda kwenye stetasi ya mpambaji na kwenye ukurasa wa fundi, na wanaume asiowajua wanaitazama. Wengine huombwa ruhusa palepale, wamekaa kitini, na wanaona haya kukataa. Ruhusa ya namna hiyo ina walakini. Mwenye haki juu ya picha ile ni biharusi, na hakuna idadi ya wafuasi inayoweza kumlipa.

Kalenda yetu tunayo

Kwa hivyo kupanga si jambo geni kwetu, na kalenda ya kupangia tunayo pia. Wazee walihesabu kutoka Mfunguo Mosi, ambao ni Shawwal, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu wa Hija na Idi Kubwa, hadi Mfunguo Sita wa Maulidi, kisha mbele Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Harusi nyingi zetu zinafuata miezi hii. Shawwal ina utukufu wake kwa anayeoa: Bi Aisha (r.a.) amepokewa akisema kwamba Mtume (s.a.w.) alimuoa katika Shawwal, na Waarabu wa zamani walikuwa wakiuona mwezi wa mkosi kwa ndoa.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko wa Kizungu, ndiyo maana mpango wa mwaka jana haufai kunakiliwa kwa tarehe. Mwaka 2030, kwa hesabu za mwezi, Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Andika miezi ya Kiislamu kwanza kwenye daftari, kisha tia tarehe za Kizungu pembeni, halafu hesabu nyuma kama walivyohesabu wale wa merikebu. Harusi za Mfunguo Mosi zinatangazwa Rajabu. Nguo za Idi zioneshwe Shaabani. Ramadhani yenyewe iache iwe nyepesi, ujumbe mmoja mmoja wa kheri, nawe upate kuswali.

Kila wiki chagua jambo moja tu la kusema, fupi kama jina la kanga. Onesha pindo, ushonaji wa mkono, kitambaa kwenye mwanga wa kweli bila ya kukibadilisha rangi, Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta umande chini, na akawakana wenye kughushi. Vua gauni, litundike, piga picha. Likiwa limeshonwa vizuri litajisemea.

Na suali la picha liulizeni mapema, siku ya kupima, biharusi akiwa na mama yake au dada yake na hana haraka. Akisema hapana, muandikie kwenye daftari karibu na vipimo vyake ili hata msaidizi wako alijue.

Allah atubarikie katika riziki zetu na atusitiri sisi na wateja wetu. Amin.