Bwana Msa na Jicho la Bwana Afya

Dai la kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu limerudiwa mara nyingi madarasani na katika uhakiki, hata sasa linapita bila kuulizwa ushahidi. Wanaolishikilia hutaja kiko kisichotoka mdomoni, hutaja Najum anayefuata nyuma kama Daktari Watson, hutaja Inspekta Seif ambaye anahitaji kuelezwa kile ambacho mpelelezi asiye na cheo amekwisha kukiona. Yote hayo yamo vitabuni, na sina haja ya kuyakana. Ninachokikataa ni hukumu inayotolewa baada ya hapo: kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ni mali ya kuazima, na kwamba Muhammed Said Abdulla alichukua mashine ya Kiingereza akaifunga Unguja. Upo ushahidi ulioachwa kando, nao uko wazi katika wasifu wake mwenyewe. Kabla ya kuwa mhariri na mtunzi, mtu huyu alikuwa bwana afya. Nadai kwamba jicho la Bwana Msa lilifundwa katika kazi hiyo, na kwamba kitu anachokichunguza, yaani hofu ya mizimu inayofunika siri za ukoo, hakikuweza kutoka London.

Historia yenyewe inajulikana, nami nitaipitia kwa haraka. Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya, na mwaka 1948 akaingia uandishi wa habari kwa kuhariri gazeti la Zanzibari. Baadaye alikuwa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, kisha kuanzia mwaka 1958 akahariri Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya utungaji ya 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Alifariki mwaka 1991.

Tuanze na kiko, maana ndicho kinachopigiwa kelele. Mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe alimtunga Dupin wa Paris, bwana mwenye akili kali anayeishi na rafiki asiyetajwa jina, naye rafiki ndiye anayetusimulia. Dupin anavuta kiko, na polisi wa Paris humjia na kesi zilizowashinda. Arthur Conan Doyle alipomtoa Holmes mwaka 1887 aliuchukua mpango huo wote, na katika kitabu hicho hicho cha kwanza akamfanya Holmes amtaje Dupin kwa dharau. Hata hivyo hakuna mhakiki anayemwita Holmes Dupin aliyevishwa koti la Kiingereza. Kila mtu anakubali kwamba Doyle aliazima umbo, kisha akaliingiza jicho alilolipata kwingine: kwa Joseph Bell, daktari aliyemfundisha Edinburgh, ambaye alikuwa akimtazama mgonjwa mlangoni akaijua kazi yake kabla hajaketi. Jicho la Holmes ni jicho la hospitali. Hukumu hiyo hiyo ya haki, anayopewa Doyle bila kuombwa, ndiyo ninayoidai kwa ajili ya Abdulla. Wapo pia wanaojaribu kumtetea kwa njia nyingine, wakisema mizizi yake ni Alfu Lela Ulela, katika kisa cha matufaha matatu, pale Harun al-Rashid anapoagiza muuaji wa mwanamke aliyekutwa sandukuni atafutwe kwa siku tatu. Utetezi huo haufiki mbali. Jaafar, waziri aliyepewa kazi hiyo, anakaa nyumbani akingoja kufa, na muuaji anajileta mwenyewe. Hapo hakuna upelelezi.

Sasa tuitazame kazi ya bwana afya kwa karibu. Mkaguzi wa afya alikuwa miongoni mwa watumishi wachache wa serikali waliokuwa na idhini ya kupiga hodi, kuingia na kupita sebuleni hadi uani. Askari aliingia pale uhalifu ulipokwisha kutendeka, na hakimu hakuingia kabisa. Bwana afya aliingia siku ya kawaida, watu wakiwa katika shughuli zao, na alitakiwa aone kile ambacho mwenye nyumba amekizoea hata hakioni tena: kifuniko cha mtungi kilichokaa upande, maji yaliyotuama ndani ya kifuu, umbali kati ya choo na kisima, ukingo wa kisima uliomeguka na kurudisha uchafu ndani. Alihesabu wanaolala chumbani akalinganisha na idadi aliyotajiwa. Panapotokea ugonjwa aliuliza nani alikula nini, nani alitoka wapi, nani alimtembelea nani, na alijua kwamba watu husema uongo kwa sababu ya aibu mara nyingi zaidi kuliko kwa sababu ya hatia. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi hakuhitaji kufundishwa na kitabu cha Kiingereza kwamba ukweli wa nyumba umelala katika vitu vidogo. Msomaji aliyezoea riwaya za Bwana Msa ataitambua tabia hiyo. Bwana Msa si askari, hana silaha wala mamlaka ya kumfunga mtu. Anakaribishwa, anakaa, anazungumza, anatazama, na yale aliyoyatazama ndiyo yanayokuja kugeuza kesi.

Itasemwa kwamba huu ni ubashiri, kwamba kazi ya ujana haithibitishi chanzo cha utunzi wa utu uzima. Pingamizi hilo lina uzito, na ni kweli kwamba hoja yangu inasimama juu ya ulinganifu. Lakini hoja ya Holmes nayo inasimama juu ya ulinganifu, tofauti ikiwa tu kwamba imezoeleka. Tukishalinganisha, tuulize ni ulinganifu upi unaoeleza mambo mengi zaidi. Holmes anaeleza kiko, rafiki na inspekta. Haelezi kwa nini kitabu cha pili kimejengwa juu ya kisima, kwa nini uchunguzi unapita katika nyua na vyumba vya ndani badala ya mitaa yenye ukungu, wala kwa nini mpelelezi ana subira kubwa kwa watu wanaoficha mambo kwa kuona haya. Bwana afya anayaeleza hayo yote, na miaka ya magazeti iliyofuata inaeleza yaliyobaki: wepesi wa lugha, mazungumzo yanayokwenda mbio, kujua wapi pa kukata habari ili msomaji afunue ukurasa.

Pingamizi kali zaidi ni la The Hound of the Baskervilles, kitabu cha Doyle cha mwaka 1902, maana humo mna kila kitu nilichodai ni cha Unguja: kitisho cha kale kinachowaogofya watu, mtu anayekitumia kitisho hicho kama pazia, na mrithi aliyejificha anayetaka mali ya ukoo. Msomaji mwenye haki lazima akiri kwamba mpango huo ulikuwapo. Tofauti ziko katika sheria na katika hofu yenyewe. Kwa Doyle mali ni moja na humwendea mtu mmoja, kwa hiyo njama ni ya mtu mmoja dhidi ya waliomtangulia. Unguja ya Himaya ilikuwa na mahakama za kadhi zilizosimamia ndoa, talaka na mirathi kwa sharia ya Kiislamu, na humo urithi hugawanywa kwa mafungu. Mtoto mmoja aliyefichwa akijulikana kuwa wa ndoa halali, fungu la kila ndugu linapungua. Akijulikana kuwa wa nje ya ndoa, hana haki katika mali ya baba. Kwa hiyo nasaba ni suala la aibu na la shamba kwa pamoja, na kila jamaa ana sababu yake ya kuificha au kuifichua. Ndiyo maana riwaya za Abdulla, kadiri zinavyosonga mbele, zinaegemea siri za kuzaliwa kuliko mauaji. Mtu aliyesoma Siri ya Sifuri na Mwana wa Yungi Hulewa akitegemea damu atashangaa, lakini aliyeishi katika jamii ile anajua kwamba swali la nani ni mtoto wa nani liliweza kuvunja nyumba kama kisu kinavyoweza.

Kuhusu hofu, tofauti ni kubwa zaidi, na hapa ndipo wahakiki wamepita wakikimbia. Kabla ya Abdulla, hadithi za vituko na vitisho zilizofika katika Kiswahili kwa kitabu zilikuwa nyingi za kufasiriwa. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, alikuwa amekwisha kutoa Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Rider Haggard, mwaka 1929. Vijana wa shule walikipenda, na hilo si ajabu, maana ni hadithi inayokwenda kwa kasi. Lakini tazameni hofu imegawanywaje humo. Uchawi uko kwa Gagool, bibi kizee wa Kiafrika. Akili na vipimo viko kwa Quatermain na wenzake waliotoka nje. Msomaji Mwafrika aliyekipenda kitabu alipaswa kusimama upande wa wageni ili aone sawasawa. Huko Marekani majarida ya karatasi duni yalikwenda njia nyingine: Weird Tales, lililoanza mwaka 1923, lilikubali mzuka uwe mzuka kweli, na H. P. Lovecraft akajenga humo ulimwengu ambamo akili ya mtu inavunjika mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye. Abdulla hakufuata njia hizo mbili. Kwake mwenye kuogopa na mwenye kupima wanakaa baraza moja, wanakunywa kahawa ya dele moja, na wote ni wa hapo hapo.

Hili halikuwa jambo jepesi kwa mtu wa Makunduchi. Mji huo ndio wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ambapo wanaume hupigana kwa mikungu ya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto, na mizimu ina nafasi yake katika kalenda ya watu na ina watu wanaoitunza. Kwa mzaliwa wa huko mzimu ni mahali: pango au mti, penye ubani na sadaka, panapojulikana nani huenda na lini. Giningi nayo, ile nchi ya wachawi inayosimuliwa Unguja na Pemba, haikuhitaji kuelezwa kwa msomaji wa 1968. Jina tu lilifanya kazi ya kurasa kumi. Abdulla anapoweka kitendawili chake mahali kama hapo, hafanyi hivyo ili kuwacheka wanaoamini. Anajua kwamba mahali panapoogopwa hapachunguzwi, na mahali pasipochunguzwa ndipo mtu mwenye jambo la kuficha atakapokwenda. Hiyo ni elimu ya mkaguzi. Kumbe mzimu unabaki na heshima yake, na mhalifu ndiye anayevuliwa nguo. Wanaosoma vitabu hivi kama vita vya sayansi dhidi ya ushirikina wamevisoma kwa miwani ya Haggard.

Ipo shutuma ya kisiasa, nayo ilisikika zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, wahakiki walipotaka riwaya ibebe ujenzi wa taifa. Walisema Bwana Msa anaishi katika Unguja ya wenye mashamba na wasia, kana kwamba Mapinduzi ya Januari 1964 hayakutokea. Ukweli wa maneno hayo siupingi. Kisima cha Giningi kilipotoka, mashamba makubwa yalikwisha kutaifishwa na wananchi walikuwa wakigawiwa eka tatu tatu. Na anayetaka kumwona mfanyakazi wa shamba akisimama katikati ya hadithi afungue Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi Adam, ya mwaka 1978, ambayo inafanya jambo ambalo Abdulla hakulifanya. Lakini kumwita mwandishi huyu mkimbizi wa wakati wake ni kukosa kuona alichokishika. Tabaka lililojengwa juu ya nasaba linachunguzwa katika kila kitabu chake, na kila mara linakutwa limedanganya kuhusu nasaba hiyo. Hakuhubiri, ila aliwaonyesha waheshimiwa wakiwa na vyeti vya ukoo visivyosimama mbele ya maswali ya bwana mmoja mwenye kiko.

Waliomfuata bara walihitaji kitu kingine. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, iliihamishia hofu Dar es Salaam, katika chombo ambacho kinaleta sauti bila sura. Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, alimpa Willy Gamba bastola, tiketi za ndege na maadui wa harakati za ukombozi, jambo la kawaida katika mji ambao Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake tangu 1963. Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango katika miaka ya 1980. Ni kazi zenye nguvu na ziliuzwa sana, lakini mpelelezi amekuwa mtu wa kuvunja mlango. Nyumba haikaguliwi tena, inavamiwa. Katika miaka hiyo hiyo, Gamba akishinda kila pambano, mzee wa Makunduchi alitoa kitabu chake cha mwisho kuhusu mpelelezi wake, na jina alilokipa likamkiri Bwana Msa kuwa na kosa.