Hataza ni Silaha ya Nani? Fundisho la India, 1911–2005

Sheria ya hataza haikushuka kutoka mbinguni. Ilitungwa na watu, katika wakati fulani, kwa manufaa ya tabaka fulani. Kwa sheria hiyo dola humpa mvumbuzi haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza alichokivumbua kwa muda maalumu; naye hutakiwa kueleza uvumbuzi wake waziwazi, ili muda ukiisha jamii nzima iutumie. Kwa hiyo swali la msingi kwa kada si kama mvumbuzi alindwe au asilindwe. Swali ni hili: sheria hiyo inamlinda nani, na inamzuia nani kuzalisha?

Nchi za kibepari zenyewe zilijichagulia wakati wa kuifuata. Uholanzi ilifuta hataza mwaka 1869, ikazirudisha mwaka 1912. Uswisi haikutoa hataza kwa uvumbuzi wa kemia hadi mwaka 1907. Uingereza nayo, ilipoona viwanda vya kemia vya Ujerumani vimeitangulia, ilikataza mwaka 1919 hataza juu ya kemikali zenyewe, ikaruhusu hataza juu ya njia ya kuzitengeneza tu. Katazo hilo lilidumu hadi mwaka 1949.

Makoloni hayakupewa uchaguzi huo. India iliwekewa sheria ya hataza ya mwaka 1911, nayo ikaendelea hata baada ya uhuru wa mwaka 1947. Mwaka 1959 Jaji N. Rajagopala Ayyangar alitoa taarifa iliyofichua ukweli: sehemu kubwa kabisa ya hataza zilikuwa mikononi mwa wageni, na nyingi kati ya hizo hazikutumika kuzalisha chochote ndani ya nchi. Kazi yake ilikuwa kulinda soko. Je, huo ni uvumbuzi unaolindwa, au ni unyonyaji?

India ilijibu kwa Sheria ya Hataza ya mwaka 1970, iliyoanza kutumika mwaka 1972. Kwa upande wa dawa na chakula, hataza ilitolewa juu ya njia ya kutengeneza tu, si juu ya kitu chenyewe, na muda wake haukuzidi miaka 7. Mtaalamu aliyegundua njia nyingine ya kutengeneza dawa ileile hakuwa mwizi, alikuwa mzalishaji. Lakini tusikosee: sheria peke yake haikutengeneza hata kidonge kimoja. Ilikuta tayari viwanda vya umma, kama Hindustan Antibiotics kilichoanzishwa mwaka 1954, na wataalamu waliosomeshwa na taifa.

Matunda yake yalivuka bahari. Mwaka 2001, wakati dawa za UKIMWI za makampuni makubwa ziliuzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuziuza kwa mashirika ya misaada kwa dola 350. Tofauti hiyo, kwa Mwafrika wa kawaida, ilikuwa tofauti kati ya uhai na kaburi.

Mlango huo umebanwa. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza mwaka 1995, uliilazimisha India kurudisha hataza juu ya dawa zenyewe mwaka 2005. Nchi maskini kabisa, Tanzania ikiwamo, zimeruhusiwa kutozitoa hadi mwaka 2033.

Hapa ndipo wajibu wetu ulipo. Tanganyika ya kikoloni ilisajili hataza zilizokwisha kutolewa Uingereza. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1987. Hatua hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Ruhusa bila viwanda ni shamba bila jembe: msimu utapita, na ghala litabaki tupu. Kada anayedai sheria nzuri na adai pia maabara, kiwanda na mkemia. Bila hivyo, tutakuwa tumepewa muda tu wa kuendelea kununua.